Usiku wa Ijumaa Ni Upi?

Nyinyi vijana mnaofungua ofisi za safari kila kukicha, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika eti kwa sababu nimestaafu na natakiwa kuwa bibi mpole wa kugawa peremende.

Wiki iliyopita Kevo, kijana aliyekodi duka lililo mkabala na lango langu hapa Uthiru, alinijia na lile tabasamu lake la kuomba kitu. Yeye na mwenzake Mercy wameanza kuuza safari za baharini. Wanataka kuwachukua watu wa Nairobi, wawapandishe chombo cha matanga kule Kilifi, wawapeleke polepole kando ya pwani mpaka Lamu, wakilala njiani, wakiogelea na kula samaki. Kazi hiyo ya kupanga safari niliifanya mimi maisha yangu yote ya utu uzima, ghorofani katikati ya mji, mahali ambapo maji pekee tuliyoyaona yalikuwa ya mfereji, na hayo nayo yalikuja kwa zamu. Kevo alijua hivyo, ndiyo maana akaja kuniomba nimwonyeshe nahodha mzuri.

Nikamwambia papo hapo, "Mtafute Kapteni Bwanaheri. Usihangaike na mwingine."

Akajikuna kichwa. "Shosh, huyo mzee tuliambiwa tuachane na yeye. Kwa group ya maagent wanasema huwa anaacha clients hapo beach, anaenda zake."

"Nani amesema?"

"Sijui, Shosh. Iko tu hapo. Kila mtu anaijua."

Kila mtu anaijua! Nilisimama pale langoni mpaka chai ikafurika jikoni ikazima moto. Basi ngojeni niwaeleze hicho ambacho kila mtu anakijua, maana mimi nilikuwa ndani ya ofisi iliyokizaa. Lakini hamtanielewa kama hamjui kazi yenyewe inavyopangwa, na kwa lile tangazo alilonionyesha Mercy, hamjui.

Tangazo lilisema hivi: Desemba, Kilifi hadi Lamu, kwa matanga, raha mustarehe. Mercy mwanangu, Desemba ni Kaskazi. Upepo unatoka huko huko Lamu unakuja kukupiga usoni. Utawasha injini kutwa nzima, moshi wa dizeli uwaingie wateja puani, na mawimbi yawarushe mpaka wakuulize ni raha gani hii waliyolipia. Wakati wa Kaskazi wageni hupandia Lamu, wakateremka kusini. Ukitaka kwenda Lamu ngojea Kusi, na si Kusi ile ya mwanzo yenye mvua na bahari chafu. Ngojea mwisho wake, inapoanza kuchoka, au Matlai, ule upepo mwepesi unaofuata. Hapo upepo unakuwa mgongoni na mtu anaweza hata kunywa chai bila kujimwagia. Kujua hivyo hakuhitaji digrii. Mpigie simu mtu anayeishi huko kabla hujachora tangazo, basi.

Mimi mwenyewe nilifunzwa kwa simu. Mkamba wa Kangundo, niliyekulia kwenye mahindi na mawe, bahari ningeijulia wapi? Siku niliyopewa dawati la safari za pwani nilimpigia Kapteni Bwanaheri, nikamwuliza chombo chake huondoka saa ngapi.

Akanijibu, "Bi Ndanu, hilo uliza mwezi."

Nilidhani ananichezea shere. Nikamwambia kwamba mwezi ni wa tisa. Alicheka mpaka akalazimika kukata simu, kisha akanipigia tena kwa salio lake na kunieleza taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kule Kilifi bamvua hujaa mnamo saa kumi, alasiri na tena alfajiri. Chombo chake kikubwa hakipendi kupita penye miamba maji yakiwa haba. Kwa hivyo wageni hupanda jioni, wakala, wakalala humo humo, na yeye hung'oa nanga kabla ya kupambazuka, maji yakiwa yamejaa. Wakiamka wanajikuta wako baharini. Nilipanga safari zangu zote namna hiyo, na wateja walikuja kunishukuru kana kwamba niliyajaza maji mimi.

Lakini bahari haikunisumbua kama walivyonisumbua watu wa Nairobi. Mtu anapanda ngazi hadi ofisini akihema, ananiambia amechoka na maisha, anataka pahali pa kupumzika tu. Haya. Namwonyesha mpango. Anauliza, "Hapa siku ya nne mbona hakuna kitu?" Namwambia siku hiyo nimeiacha wazi makusudi, kwa sababu upepo unaweza kugoma, au mnaweza kupapenda mahali mkakataa kuondoka. Anakunja uso. Anataka saa mbili afanye hiki, saa tatu afanye kile, saa nne apigwe picha akifanya kile kingine. Bosi wangu naye alikuwa mmoja wao. Nikiacha siku tupu, yeye anaijaza. "Ndanu, client ataona hatujafanya kazi." Tuligombana juu ya siku tupu mpaka wahudumu wa chai wakazoea.

Kulikuwa na familia moja ya Dagoretti Corner, watu wakarimu sana, waliofika Kilifi na mbuzi mzima aliyechunwa, amefungwa ndani ya gunia, pamoja na jiko la makaa. Walikuwa na nia ya kuchoma nyama juu ya mbao za chombo, chini ya tanga. Kapteni alinipigia simu kwa sauti ya chini kabisa. "Bi Ndanu, hawa wageni wako wataka kutuchoma na sisi?" Nahodha mwingine angewafukuza. Yeye aliwapeleka mpaka kwenye ufuo mmoja mtulivu, akatia nanga, akawachimbia shimo mchangani, na nyama akaigeuza kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo watu wale walimwita Anko, wakawa wanarudi kwake kila mwaka.

Na mimi alinivumilia. Nilipanda chombo kile mara moja tu, na kabla hatujafika Watamu nilikuwa nimeinama ukingoni, namwita marehemu mama kwa Kikamba. Kapteni alinikalisha penye upepo, akanipa tangawizi nitafune, akaniambia hata wavuvi wakongwe hutapika. Baadaye baharia wake alininong'oneza kwamba huo ulikuwa uongo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mnaambiwa huwaacha wageni ufuoni akaenda zake. Nisikasirike?

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Bwana Wafula, mtumishi wa serikali, mkazi wa Kabiria. Alitaka kumpeleka mama yake aliyekuwa Bungoma, mama ambaye hakuwahi kuiona bahari, pamoja na mke na watoto. Niliipanga safari ile kwa mapenzi. Niliichagulia mwisho wa Kusi, bamvua, vituo vifupi vifupi, na siku tupu za kutosha. Nilimweleza Kapteni kwamba mama huyo magoti yanamsumbua. Kilichobaki kilikuwa ni kumtumia Kapteni ujumbe wa mwisho wa kuthibitisha siku, na ujumbe huo hutumwa safari ikikaribia, upepo ukishajulikana.

Wiki yenyewe ilipofika shangazi yangu akafariki, ikabidi niende Kangundo. Nikamwomba bosi aniache niutume ule ujumbe nikiwa huko huko. Akacheka. "Ndanu, enda uzike. Hata mimi najua kuandika message."

Akaandika: Kapteni, wageni watapanda chomboni usiku wa Ijumaa. Mng'oe nanga maji yakijaa.

Someni hayo maneno tena. Kiswahili safi, hakuna pa kutia kalamu nyekundu. Lakini usiku wa Ijumaa ni upi? Hapa Nairobi ni ule unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa, watu wakishatoka kazini. Kwa Kapteni Bwanaheri, na kwa baba yake na babu yake, siku huanza jua linapotua. Jua la Alhamisi likishazama, Ijumaa imeingia, na usiku wake ni huo huo, unaotangulia mchana. Kapteni alinieleza jambo hili miaka mingi nyuma, katika mazungumzo tu, akinicheka kwa kusema kwetu bara tunaianza siku katikati yake. Tangu hapo niliandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", kama magazeti yanavyoandika, na hatukupotezana hata mara moja.

Basi Alhamisi jioni Kapteni na mabaharia wake walikuwa tayari, taa zimewashwa, pilau imepikwa. Wageni hawakuja. Akapiga simu ya ofisi, ikalia mpaka ikachoka. Akanipigia mimi, na mimi nilikuwa matangani, simu imeisha chaji. Alfajiri maji yakajaa, yakapwa. Ijumaa asubuhi akampigia bosi tena na tena. Bosi aliziona simu zile. Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake kwamba aliziona na hakushika, kwa sababu alidhani mzee anataka kuomba advansi. Hapo ndipo damu yangu huchemka hadi leo. Kubonyeza kitufe tu, bwana mzima, msafara wote ungeokoka!

Mchana ulipofika Kapteni aliona kama ambavyo mtu yeyote angeona, kwamba watu wa Nairobi wameahirisha bila kusema, jambo ambalo walishamfanyia. Akakisogeza chombo upande wa pili wa mkono wa bahari, akawaruhusu vijana wake waende msikitini na majumbani.

Ijumaa jioni familia ya Bwana Wafula ikateremka na mizigo. Hapakuwa na chombo wala mtu. Bwana Wafula akampigia bosi, na safari hii bosi alishika simu mara moja. Akamwambia nahodha ametoroka, watafute hoteli. Mlinzi wa pale ufuoni alipompasha Kapteni habari, mzee wa watu alikusanya vijana wake mbio mbio, akaja na mashua ndogo kuwachukua. Akawaambia, "Pandeni jamani, maji yatajaa alfajiri, tutakwenda, hakijaharibika kitu." Na ni kweli, hakikuwa kimeharibika kitu. Safari yote ilikuwa bado nzima. Bosi ndiye aliyekataa. Alimwambia Bwana Wafula kwenye simu, "Usipande na huyo mtu. Hawa watu wa pwani ndivyo walivyo, uvivu tu." Na Bwana Wafula, aliyekuwa ameiamini ofisi yetu, hakupanda.

Mama yake alikaa juu ya begi lake pale mchangani mpaka gari la hoteli likaja. Bahari aliiona siku mbili kupitia dirisha la ukumbi wa kulia chakula. Walipomuuliza ameionaje, alijibu, "Ni hiyo tu?" Bwana Wafula aliniambia maneno hayo baadaye, na nililia, kwa sababu nilikuwa nimempangia mama yule asubuhi ya kuamka akiwa katikati ya bahari.

Jumamosi nikarudi mjini kutoka mazishini na kukuta bosi ameshatuma ujumbe kwenye kundi la mawakala wote wa Nairobi: Kapteni Bwanaheri ameacha wateja wetu ufuoni, jihadharini naye. Nilimwuliza alimwandikia nini. Akanionyesha. Nilishika kichwa.

Siku chache baadaye Kapteni alikuja mwenyewe kwa basi. Alipanda ngazi zetu zile polepole, kofia kichwani, koti lake la heshima mabegani, akaketi mapokezi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Bosi alikuwa amemwita Bwana Wafula pia, ili asikie nahodha akiomba msamaha. Nikaingia nao bila kualikwa.

Bosi akaanza. "Kapteni, mimi sina ubaya. Wewe sema tu sorry kwa client, tumalize. Tuko na season ingine inakuja."

"Bwana Wafula nishampa pole yake tangu Kilifi," Kapteni akasema. "Mtu akiharibikiwa na safari hupewa pole. Lakini sikumuacha. Mulinambia usiku wa Ijumaa, na usiku wa Ijumaa nalikuwapo."

"Friday night hukuwa! Client huyu hapa."

Nikaingilia. "Bosi, kwake yeye usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jioni. Ndiyo maana mimi huandika wa kuamkia."

"Alhamisi iwe Ijumaa? Ndanu, hiyo ni Kiswahili ya wapi?"

"Ni Kiswahili cha wenyewe," nikamwambia.

Bosi akacheka peke yake. Bwana Wafula hakucheka. Alimgeukia Kapteni. "Kwa hivyo, mzee, mlitungoja?"

"Mpaka jua likatoka. Mamako tulimtandikia chini, karibu na mlango, asije akapanda ngazi na magoti yale. Pilau ikabidi tuile wenyewe."

Bwana Wafula alivua miwani yake, akainuka, akaushika mkono wa Kapteni kwa mikono yote miwili. "Mzee, mimi ndiye nilikataa kupanda," akasema. "Unisamehe. Ningejua, tungepanda."

Mambo yangeweza kuishia hapo vizuri kabisa. Lakini bosi, aliyeona watu wameanza kupatana bila yeye, akapiga meza kofi dogo la furaha. "Basi, yameisha! Kapteni, tumekusamehe."

Kapteni akasimama, akafunga vifungo vya koti lake. "Sikuja kusamehewa, bwana. Nalikuja kuulizwa." Akatoka.

Nilimfuata hadi chini, nikamsindikiza mpaka kwenye basi. Hakumtukana mtu njia nzima. Alipokuwa anapanda ndipo aliponigeukia. "Lile neno mulilolitia kwenye simu, liondoeni tu, Bi Ndanu. Limefika hadi kwetu, wanangu hulisoma."

Nikarudi juu nikamwambia bosi aandike kwenye kundi kwamba kulikuwa na kutoelewana na kwamba nahodha alikuwapo. Akasema ataandika. Nikamkumbusha Jumatatu, nikamkumbusha tena mwisho wa mwezi, nikamkumbusha mbele ya wenzangu wote. Mwishowe akaniambia, "Ndanu, hiyo message ilishazama, kuna zingine elfu juu yake." Nilipojaribu kuandika mwenyewe, yeye, msimamizi wa kundi, aliifuta, akasema naichafulia ofisi jina. Jina la ofisi! Siku niliyostaafu walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kundi.

Haikuzama, vijana wangu. Imeelea mpaka Uthiru, mpaka kwenye mdomo wa Kevo, ambaye ujumbe ule ulipokuwa unaandikwa alikuwa bado chuoni. Kaskazi ikaja ikapita, Kusi ikaja ikapita, na simu ya Kapteni haikulia. Sasa anashona matanga ya vyombo vya wengine. Nilipompigia juzi kumjulia hali aliniambia mikono bado ina nguvu.

Kwa hivyo Kevo na Mercy, na wengine wote mnaosoma haya. Mkipanga safari ya polepole, iacheni iwe ya polepole, na msiwafanye watu waende kinyume cha upepo kwa ajili ya tangazo. Mkiandikia mtu wa pwani habari ya usiku, andikeni ni wa kuamkia siku gani. Mkiona simu ya nahodha, shikeni, hata kama mnadhani anataka advansi. Mambo hayo nimewafunza bure.

Langu moja ndilo naomba mnilipe. Nyinyi mko kwenye hilo kundi, mimi simo. Andikeni humo leo, kwa majina yenu, kwamba Kapteni Bwanaheri alikuwapo. Wakiwauliza mmejuaje, wapeni namba yangu, nina hamu nao. Halafu mpigieni mwenyewe, msalimieni vizuri, msimwambie niaje, mumweleze mna wageni wa mwisho wa Kusi na mnaomba awachukue.

Na chondechonde, msimwambie mmemsamehe.